NENO LA MWEZI: SHORE, MPERA NA BABA WA MBINGUNI

Tunawasalimu nyote mlioko Nakivale, kuanzia mnaokaa karibu na ziwa hadi mlioko huko juu vilimani, wenyeji wa siku nyingi pamoja na ninyi mliofika juzi, ambao bado mnatafuta kamba ya kufungia turubai. Neno la mwezi huu liko katika Injili ya Mathayo 6:25-34, nasi tutalisoma pamoja na barua ya Yeremia kwa watu waliochukuliwa Babeli, yaani Yeremia 29:4-7. Aliye na Biblia aisome kwa sauti nyumbani kabla hajaendelea na karatasi hii, na asiye nayo aazime kwa jirani. Nafasi ni ndogo, hatuwezi kuchapa mistari yote hapa.

Somo hili nimelichagua kwa sababu ya mambo mawili yaliyoletwa mbele ya wazee wa kanisa tangu mvua zilipoanza. La kwanza ni hili: wako ndugu zetu, tena waombaji wazuri, ambao msimu huu hawajashika jembe. Ukiwauliza, wanakufungulia hiyohiyo Mathayo 6. Wanasema, ndege hawapandi wala hawavuni na bado wanakula, kwa nini sisi tujichoshe kwenye kiwanja ambacho kesho tutakiacha? Mmoja anangoja jina lake litoke kwenye orodha ya safari ya ng'ambo. Mwingine anangoja amani irudi kwao. Jambo la pili ni ugomvi wa mpera, ambao nitaueleza mbele kidogo, kwa kuwa wengi mmeusikia nusunusu.

Basi tuanze pale Bwana alipoanza. Aliwaambia wanafunzi wawaangalie ndege. Katika Kiyunani, lugha ambayo Agano Jipya liliandikwa, neno lililotumika pale si la kutupa jicho na kupita. Ni la kukazia macho. Kwa hiyo mtu asiyewahi kumkazia macho ndege hata mmoja hajalitii neno hili bado, hata kama amelihubiri mara kumi. Na tumtii leo. Ndege wako wengi hapa kwetu, kuanzia korongo wa ziwani hadi mwewe anayenyakua vifaranga, lakini nataka tumchukue mmoja ambaye kila mtu anamjua kwa sura hata kama hajui jina lake.

Kwa Kiswahili anaitwa shore. Ninyi mliotoka Fizi na Uvira, ninyi wa Masisi na Rutshuru, ninyi wa Burundi na Rwanda, kila mmoja ana jina lake la nyumbani. Ni yule ndege wa rangi ya kahawia, kichwa cheusi chenye kishungi kidogo kama mtu aliyeamka asichane nywele, tumbo jeupe lililofifia, na chini ya mkia ana doa la manjano kana kwamba amekalia kiini cha yai. Urefu wake ni kama sentimita 20, na uzito wake ni gramu 40 hivi, hafikii yai moja la kuku. Hana mapambo. Mtu akija kutalii Uganda hatoki hotelini kwa ajili ya kumpiga shore picha.

Lakini sikilizeni habari za makazi yake. Shore hakai katikati ya msitu mnene. Wala hakai jangwani kusikokuwa na kichaka. Yeye ni wa ukingoni: pale msitu unapoishia na shamba linapoanzia, vichaka vya kando ya njia, uzio wa minyaa, bustani ya nyuma ya nyumba, mti ulio karibu na bomba la maji. Anao ndugu zake wa jamii moja, wenye rangi ya kijani iliyofifia, ambao hukaa ndani ya misitu kama ile ya milima ya Itombwe na hawatoki. Hao, msitu ukikatwa, hutawaona tena mahali hapo. Shore yeye, msitu ukikatwa, anasogea na kuangalia kilichobaki. Kama kuna kichaka, kuna tunda na kuna maji kidogo, anakaa. Ndiyo maana yuko Kivu, yuko Kigoma, yuko Bujumbura kwenye bustani za mjini, yuko hapa Isingiro kwenye migunga na ukame wetu. Jamii yake imeenea kutoka Moroko na bonde la Nili hadi kusini mwa Afrika, ingawa wataalamu wengine siku hizi huigawa katika aina kadhaa. Mkimbizi aliyevuka mpaka pale Bunagana mwaka 2022, akatembea na kupanda lori mpaka akafika hapa, asubuhi yake ya kwanza chini ya turubai alisikia sauti ileile aliyoiacha nyuma ya nyumba yake. Mama mmoja aliniambia kwamba alipoisikia alilia, na hakujua kama ni machozi ya huzuni au ya faraja. Sikumjibu kitu. Yako machozi ambayo mchungaji hana haja ya kuyafafanua.

Sasa chakula chake. Hapa naomba mtu asiharakishe, kwa sababu hoja yote ya ndugu zetu wasiolima iko hapa.

Shore ni wa kwanzakwanza kuamka. Giza bado halijatoka vizuri, jogoo ameita, na yeye tayari yuko juu ya tawi anatoa maneno yake matatu manne, yaleyale, kama maji yanayobubujika kwenye mtungi. Akishaimba anashuka kazini. Anakula matunda: mapera, mapapai yaliyoiva, matunda ya mikuyu, na vile vijitunda vyeusi vya lantana, kile kichaka cha maua ya rangi mchanganyiko kinachotusumbua mashambani. Nyanya pia anazila, wenye bustani mnajua. Anakula vijiua na kunyonya utamu wake. Anakula viwavi, chungu na mbawakawa. Mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini, yeye anawadaka hewani, huku watoto wetu wakiwakusanya chini na sufuria, na sijawahi kuona nani kati yao anashiba zaidi. Makinda yake huyalisha wadudu na matunda laini, na wazazi wote wawili huenda na kurudi, kwenda na kurudi, kutwa nzima.

Mnaona? Huyu si ndege aliyekaa kwenye tawi na mdomo wazi akingoja mbingu zimdondoshee. Bwana Yesu alitaja kazi tatu ambazo ndege hawazifanyi: kupanda, kuvuna na kuweka ghalani. Hakusema kwamba hawatafuti. Hakusema kwamba hawaamki. Baba wa mbinguni anamlisha shore kwa kumpa macho ya kuona tunda lililoiva, mbawa za kulifikia, na tumbo linaloweza kula karibu kila kitu. Katika Zaburi ya 104 utaona vilevile: Mungu anatoa, na viumbe vinaokota. Kuokota ni kazi. Na yule Mtume aliyetuandikia sana habari za neema ndiye huyohuyo aliyewaandikia Wathesalonike, katika waraka wa pili, sura ya 3, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Angalieni, alisema asiyetaka. Hakuwasema wagonjwa, wala wazee wetu, wala mama aliyejifungua jana.

Tena Mathayo 6 haikuandikwa kwa ajili ya kuwapa wavivu mto wa kulalia. Bwana alikuwa akisema na watu wenye hofu. Soma mstari wa 25 na wa 31: shida anayoigusa ni wasiwasi, ule wa tutakula nini, tutavaa nini. Ni watu waliokuwa wakilima na kuvua samaki chini ya utawala wa kigeni, wakilipa kodi juu ya kodi, na usiku hawalali. Hao ndio aliowaonyesha ndege. Kwa hiyo, ndugu yangu usiyelima, andiko hili ulilolishika si lako kwa namna unavyolitumia. Ni la yule mama jirani yako aliyepanda maharage, mvua ikakatika, na sasa usiku anahesabu watoto na kuhesabu vikombe vya unga. Yeye ndiye Bwana anamwambia, tazama ndege.

Wala tusimdanganye mama huyo. Mwezi Aprili 2020 mgao wa wakimbizi nchini Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30. Baada ya hapo ukaendelea kupungua, na mwaka 2023 kaya zikagawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, wengine wakaondolewa kabisa. Viwanja navyo vimekuwa vidogo kadiri watu walivyoongezeka. Mhubiri akisimama mbele ya watu wa namna hii na kusema tu kwamba ndege wanakula, atakuwa amesema kweli nusu. Je, ndege hawafi? Wanafa. Kiangazi kikizidi tunawaokota chini ya miti. Bwana Yesu aliyajua hayo, na katika Mathayo 10:29 alisema waziwazi juu ya shomoro anayeanguka chini. Hakuahidi kwamba hataanguka. Alisema kwamba hataanguka pasipo Baba. Kati yetu wako waliozika watoto njiani na hawajui hata kaburi liko upande gani wa mto. Kwenu ninyi sitaleta fundisho la ndege. Nasema tu kwamba Baba alikuwepo pale, naye anaijua sehemu ile.

Turudi kwa shore, maana bado hatujafika penye utamu. Anapokula pera, hamezi nyama yake tu. Anameza na mbegu. Hawezi kuzisaga, hana meno kama sisi wala tumbo lake halina haja nazo. Anaruka, anatua kwenye mti mwingine au kwenye uzio wa mtu mwingine, na baada ya muda mfupi mbegu zinatoka zikiwa nzima, zimesafishwa ule ute wa tunda na zimewekewa mbolea kidogo. Mvua ikija, zinaota. Ndiyo sababu mti wa matunda unajiotea pale ambapo hakuna mtu aliyechimba shimo, hasa chini ya mti mwingine au kando ya uzio, kwa kuwa hapo ndipo ndege hutua. Ndivyo pori lililokatwa linavyoanza kurudi, mahali ambapo bado kuna ndege. Kwa bahati mbaya hata lantana huenea kwa njia hiyohiyo, maana shore hachagui mbegu njema na mbaya. Anapanda kile alichokula.

Mtu anaweza kuniuliza, Mchungaji, mbona Bwana alisema ndege hawapandi, na wewe unasema huyu anapanda? Swali zuri, na aliyeniuliza kwanza ni kijana wa darasa la ubatizo. Shore hajui kwamba anapanda. Yeye alikuwa anatafuta kifungua kinywa. Hana shamba, hana ghala, hana hesabu ya mwaka kesho. Lakini Baba, anapomlisha ndege mmoja asubuhi, ndani ya tonge lilelile anaweka mti wa miaka 20 ijayo kwa ajili ya watu ambao ndege huyo hatawaona. Hapo mimi hukaa kimya nikashangaa. Kwa shore, kula ni kula tu. Kwa Mungu, kumlisha shore ni kupanda msitu.

Sasa fungueni Yeremia. Wayahudi walipelekwa Babeli kwa nguvu. Walikuwa na manabii wao waliowafurahisha, na mkubwa wao alikuwa Hanania, habari zake ziko sura ya 28. Hanania alisimama hekaluni Yerusalemu na kutangaza kwamba baada ya miaka miwili mambo yote yatarudi kama zamani. Miaka miwili! Nani asiyependa mahubiri ya namna hiyo? Ukiambiwa miaka miwili huchimbi msingi. Huotoshi miche. Unakaa juu ya mzigo wako uliofungwa. Ndipo Yeremia akaandika barua ya kuvunja moyo, na kumbe ilikuwa barua ya upendo: jengeni nyumba, pandeni bustani, mle matunda yake, muoe na kuoza, mtafute amani ya mji ule mliohamishiwa. Na muda aliutaja: miaka 70. Hanania alikufa mwaka uleule.

Wapendwa, akina Hanania tunao. Wengine wana simu nzuri. Wanakuja na habari kwamba ndege ya kwanza itaondoka mwezi ujao, kwamba kwa pesa kidogo jina lako litapandishwa kwenye orodha, kwamba vita vimekwisha kabisa na mashamba yetu yanatungoja. Sisemi kwamba hakuna anayesafiri. Wako waliokwenda, na tunapata salamu zao. Sisemi kwamba hakuna atakayerudi nyumbani, na kila Jumapili tunaliombea hilo. Nasema, usiache kupanda kwa sababu ya tarehe ambayo Mungu hakukupa. Na usimpe mtu pesa kwa ajili ya orodha. Fomu za safari ya ng'ambo haziuzwi. Atakayekuuzia ni mwizi, awe ni ndugu wa kanisani.

Mahali hapa penyewe panatufundisha. Makazi ya Nakivale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda. Walipofika, wengi waliamini kwamba ni jambo la miezi. Walikaa zaidi ya miaka 30. Wengi wao walirudi kwao baada ya mwaka 1994, na wengine wakabaki. Sisi Wakongo tulipofika tulikuta miti mikubwa ya matunda. Ule mwembe ambao akina mama wa kwaya hufanyia mazoezi chini yake, ni nani kati yetu aliyeupanda? Hakuna. Yupo mtu aliyekula embe moja hapa akiwa mkimbizi kama wewe, akazika kokwa, akamwagilia maji aliyoyabeba kichwani kutoka ziwani, na huenda hakupata kula tunda lake hata mara tano. Leo kivuli chake ni cha kwaya yetu. Parachichi la kupanda kwa mbegu linaweza kuchukua miaka mitano, sita, hata zaidi kabla halijazaa. Baba mmoja aliniambia, Mchungaji, miaka sita? Mimi nitakuwa Kanada! Nikamwambia, haya, Bwana akupeleke salama, na mtoto wa yule atakayepewa kiwanja chako atakula avoka yako akiuliza jina lako.

Hivyo nafika kwenye mpera. Majina siyataji, na wenye habari yao wamenipa ruhusa kuieleza, ili uvumi ukome.

Mpakani mwa viwanja viwili vya washirika wetu uliota mpera. Hakuna aliyeupanda. Uliota pale penye uzio, na sasa mnajua nani aliyeuleta. Ulipokuwa mdogo hakuna aliyeuona. Ulipofika kiuno cha mtu, mama wa upande mmoja aliupalilia na kuuwekea miiba ili mbuzi wasiule. Mama wa upande wa pili alikuwa akiumwagia maji ya kuoshea vyombo, kwa kuwa beseni lake lilikuwa karibu. Kila mmoja alifanya wema wake bila kumwambia mwenzake. Mwaka wa tatu ukazaa. Watoto wa huku wakachuma, watoto wa kule wakachuma. Mgao ulipopungua, pera likawa chakula cha mchana, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Huyu alisema shina liko kwake. Yule alisema matawi yako kwake na maji yalikuwa yake. Kabila likaingizwa, ambalo halikuwa na habari na mpera. Watoto wakapigana mawe. Na usiku mmoja mtu, hajajitokeza mpaka leo, akaukata kwa panga.

Asubuhi wote wawili walikuja kwangu wakilia, kila mmoja akimshitaki mwenzake. Jumapili iliyofuata wote wawili walikuja ibadani, wakakaa pande mbili, na wakati wa kupeana amani hawakupeana.

Nataka tusome pamoja Kumbukumbu la Torati 20:19-20. Mungu aliwaambia Israeli kwamba, hata wakiwa vitani, hata wakiuzingira mji wa adui kwa siku nyingi, wasikate miti yake ya matunda. Miti ya adui! Katikati ya vita! Sisi tumeukata wetu, kwenye amani, kati ya watu wanaokunywa kikombe kimoja cha Bwana. Tena someni Walawi 19:9-10. Mwenye shamba hakuruhusiwa kuvuna mpaka pembeni kabisa wala kuokota kilichoanguka. Vile vya ukingoni viliachwa kwa maskini na mgeni. Sasa mti uliojiotea ukingoni, uliopandwa na ndege wa ukingoni, mbele ya watu ambao sisi sote ni wageni, ulikuwa wa nani? Wazee wa kanisa walikaa saa tatu juu ya swali hilo. Mzee mmoja wetu, ambaye haongei mara nyingi, alisema mwishoni kwamba ungekuwa wa watoto wote wa viwanja vile viwili, na shore naye apewe yaliyo juu kabisa ambayo hakuna anayeyafikia. Tulicheka, lakini ndivyo tulivyoamua.

Aliyeukata, kama unasoma karatasi hii au unasomewa, mlango wa mchungaji uko wazi hata usiku. Hatutakupeleka popote. Ukishindwa kuja kwangu nenda kwa mama mchungaji. Na ninyi mama zetu wawili, ambao mmekwisha kuzungumza mbele yangu mara moja, lakini bado hamsalimiani bombani: Mathayo 5:23-24 inasema nini habari ya sadaka na madhabahu? Meza ya Bwana ni Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Siku zipo. Shina la mpera lilibaki chini, na mpera haufi upesi. Limeshatoa machipukizi matatu. Vijana wa kanisa wataliwekea uzio wa miiba pande zote mbili, na naomba mbuzi wafungwe, wa Wakristo na wa wasio Wakristo.

Neno moja kwa watoto na wenye manati. Najua njaa, na najua raha ya kulenga. Lakini Kumbukumbu la Torati 22:6-7 inakataza kumchukua mama ndege pamoja na makinda yake, na Mungu aliweka hapo ahadi ya siku nyingi. Kiota cha shore ni kikombe kidogo, chepesi, kwenye panda ya kichaka, na mayai huwa mawili au matatu tu. Ukimuua mmoja wa wazazi wakati ule, mwingine hawezi kulisha peke yake vizuri. Tena yeye ni mlinzi wetu. Mkisikia shore wengi wanapiga kelele kwa pamoja kwenye kichaka kimoja, msikimbilie na manati. Mara nyingi wameona nyoka au paka. Mwiteni mtu mzima. Yuko pia ndege mwingine, asiyejenga kiota chake, ambaye hutaga ndani ya kiota cha shore, na shore humlelea mtoto asiye wake. Wako wahubiri ambao wangetoa hapo fundisho juu ya yatima. Mimi naliacha, maana yule ndege mwingine ana hila, na yatima wetu hawakuja kwetu kwa hila.

Kuhusu mapapai na nyanya ambazo shore anadonoa, mniwie radhi, sina dawa ya kiroho. Tunda lifungwe kwa kipande cha chandarua kilichochakaa au cha gunia likianza kubadilika rangi, na mengine ya juu aachiwe. Tafadhali msitumie sumu. Sumu ya ndege inaliwa na kuku, na kuku analiwa na watoto.

Sasa tufanye kazi. Jumamosi ya pili, baada ya maombi ya asubuhi, tutaotesha miche mbele ya kanisa. Kila kaya ilete vitu vitatu: mfuko wa plastiki au kopo lililotobolewa chini, udongo mweusi wa kujaza, na mbegu. Mbegu ya parachichi iwe mbichi, isikaushwe juani, maana ikikauka inakufa. Mbegu za pera zioshwe ute wake kwa maji, kama vile ndege anavyofanya, zikauke kivulini. Mbegu za papai nazo zisuguliwe ule ute mpaka utoke. Asiye na mbegu aje na mikono, wako waliokusanya nyingi. Tunaomba hasa ndugu zetu wanaongoja safari waje, kwa sababu tumewapangia kazi ya kumwagilia, asubuhi na jioni, kwa zamu, kila mtu wiki yake. Yule ambaye safari yake itafika kabla ya zamu yake atamkabidhi mwenzake kopo la maji, tumwombee, aende na amani.

Miche ikifika urefu wa shubiri mbili, kila kaya itachukua miwili. Mmoja utapandwa ndani ya kiwanja, na mmoja utapandwa mpakani, baada ya kuzungumza na jirani. Wenyeji wetu wa Isingiro wanaokuja kunywesha ng'ombe karibu na shule wamealikwa pia, na mzee wao amekubali kuleta samadi ya mkokoteni mmoja. Akina mama wa jikoni wataandaa uji. Mlete vikombe vyenu.